Breki ya Nanga ya Nyuma

Talcahuano, 20 Januari 1966

Mdogo wangu Erasmo,

Pokea salamu za Mama, za Edelmira na zangu. Mama magoti yanamsumbua ijapokuwa ni kiangazi, na sababu anayoitaja ni wewe: ulisema utapanda huku kilimani kumuaga, halafu ukamuaga kwa kumpungia mkono kutoka melini kama mbunge. Edelmira ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kucheka mbele za watu. Paa linavuja palepale pa mwaka jana. Mzee Froilán wa nyumba ya pili ameahidi kuja na ngazi yake.

Hayo ndiyo ya nyumbani. Sasa nisikilize.

Juzi niligeuza godoro letu ili lipate jua, na chini yake nikakuta soksi. Jozi moja, sufu ya kijivu, utepe mwekundu juu, zimefumwa kwa mkono, tena mkono unaojua kazi. Mimi sijui kufuma. Soksi za Mama unazifahamu, kisigino hukaa mahali pa kidole gumba, na Nibaldo amezivaa miaka tisa bila kunung'unika. Hizi nyingine zimetoka kwa nani? Na tangu lini mwanamume akaficha soksi? Soksi si dhahabu.

Nyinyi mko meli moja. Wewe unalala kitanda cha juu, yeye cha chini. Nibaldo ni mume wangu, lakini wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja. Niambie bila kuzunguka: huko kusini mnakoshusha mizigo, kuna mwanamke?

Dada yako,
Hortensia

*

Punta Arenas, 24 Februari 1966

Dada Hortensia,

Mpe Mama shikamoo yangu, na umwambie nilimpungia mikono yote miwili. Edelmira mwambie mimi nina pengo tangu nikiwa na miaka kumi na saba na bado nacheka.

Sisi huku wazima. Meli imepakwa rangi na tumbo lake limekwanguliwa, lakini mzee ni mzee tu. Hii Cabo Oyarzún yetu ilipigana vita vya watu wengine kabla hatujapewa, na kwenye mabomba bado kuna maandishi ya Kiingereza ambayo hakuna anayeyasoma. Chini ni bapa kama sinia, kwa hiyo wimbi dogo tu linatugaragaza, na mpishi Rigoberto hutapika kabla ya abiria. Mwezi huu tumepeleka mapipa ya mafuta kwa walinzi wa minara ya taa, na madawati ya shule kwenye visiwa vitatu.

Mwaka huu nimepewa heshima. Mimi ndiye tarishi wa meli. Mfuko wa posta ni wangu, na barua yoyote inayoingia au kutoka inapita mikononi mwangu. Usicheke. Lakini meli ikienda kupanda ufukoni kila mtu ana kazi ya pili, na yangu ni breki ya nanga ya nyuma. Edelmira aliniuliza kazi hiyo, basi msomee hapa.

Meli yetu haihitaji gati. Inaukimbilia ufuko makusudi mpaka domo lipande mchanga, milango ya mbele ifunguke na watu washuke na ng'ombe wao. Kabla ya kufika tunaangusha nanga ya nyuma na kuuacha waya utiririke, na baadaye waya huohuo ndio unaotuvuta kurudi majini. Simu kutoka chumba cha usukani inasema "achia", lakini mimi siachii kwa simu. Namtazama shemeji. Yeye ndiye anayesimama kwenye ngoma ya chuma inayozungushiwa waya. Akiinua mkono wa kulia, maana yake waya uko huru na yeye yuko salama, ndipo nafungua breki. Mkono haujainuka, hata admirali apige kelele, breki haifunguki. Ndivyo tulivyofundishwa siku ya kwanza.

Kuhusu soksi, unajisumbua bure. Soksi za kijivu zenye utepe mwekundu nusu ya meli tunazo. Zinauzwa Huelmay, kisiwa tunachopanda kila mwezi. Shemeji ni mtu safi, mwache apumue.

Mdogo wako,
Erasmo

*

Talcahuano, 18 Machi 1966

Erasmo,

Mama anakusalimu. Edelmira ameanza darasa la tatu na amemweleza mwalimu habari zote za nanga ya nyuma, mpaka mwalimu akamwomba akae. Mzee Froilán alikuja na ngazi, akapanda, akaangalia, akashuka, akanywa chai. Paa bado linavuja.

Nusu ya meli! Desemba ulipokuja likizo mimi ndiye niliyekufulia nguo zako zote, hata zile ambazo mtu mwenye haya angezifua mwenyewe, wala sikuona soksi ya kijivu. Barua yako ina ukurasa mzima wa nanga na mstari mmoja wa mume wangu. Mtu anayeeleza sana jambo asiloulizwa namjua. Mimi ndiye niliyekulea.

Nimemuuliza Bi Leontina, mke wa mpishi wenu, kwenye foleni ya mkate. Anasema Rigoberto anazo hizo soksi, ndiyo, na anayezifuma ni mjane wa Huelmay anayeitwa Clodomira. "Mjane kijana," akasema, halafu akaanza kuangalia mikate. Kwa nini wewe hukunitajia mjane?

Kuna lingine. Nibaldo, kama unavyojua, humaliza kila barua kwa kumchorea Edelmira meli. Moshi ukipanda wima, baba ana furaha. Moshi ukilala, baba ana huzuni. Barua ya mwisho moshi ulilala. Mtoto ameniuliza sababu.

Nakuomba kama dada yako: mtazame. Usimwondolee macho hata dakika moja. Akishuka Huelmay, tazama anaingia nyumba gani. Akipokea kitu, tazama anapokea kwa nani. Halafu uniandikie uliyoyaona, si yale unayodhani nitafurahi kuyasikia.

Hortensia

*

Castro, 12 Mei 1966

Dada,

Shikamoo kwa Mama. Natumaini nyote wazima. Samahani kwa kuchelewa. Barua yako ya Machi niliipokea tarehe 5 Aprili, tukiwa tunakaribia Huelmay. Boti ya kutoka mji wa Quellón ilituletea mfuko.

Tumebeba ng'ombe tisini. Uwanja wote wa chini unanuka, na ng'ombe mmoja amezaa karibu na matangi. Mvua haikatiki.

Shemeji hajambo, anawasalimu. Usiniandikie tena mambo ya kumtazama mtu.

Erasmo

*

Talcahuano, 6 Juni 1966

Erasmo,

Mama anaumwa kifua, si sana. Edelmira amepata jino moja kati ya mawili. Baridi imeingia na Mzee Froilán ameweka bati moja juu ya paa, ameliwekea na jiwe.

Nimesoma barua yako mara nne, na ilikuwa fupi, kwa hiyo haikunichukua muda. Wewe ambaye ukienda dukani kununua chumvi unarudi na hadithi ya nusu saa, leo unaniandikia habari za ng'ombe kisha kwaheri. Nani alikukasirisha? Mimi?

Na sasa sikiliza. Zimekuja barua mbili za Nibaldo. Zimepigwa taipu. Mume wangu, ambaye akiandika anajipaka wino mpaka kwenye nyusi, ananipigia taipu kama mwajiri anayemfukuza mtu kazi! "Mke wangu mpendwa, natumaini barua hii inakukuta katika afya njema." Miaka tisa hajawahi kuniita mke wangu mpendwa. Ananiita Tencha. Na chini hakuna meli. Hakuna moshi wa wima wala wa kulala. Edelmira aliigeuza karatasi upande wa pili akidhani imechorwa huko.

Nani anamzuia kuandika kwa mkono wake? Au kuna mtu amekaa karibu naye wakati anaandika, na hataki huyo mtu aione meli ya mtoto?

Nijibu.

Hortensia

*

Punta Arenas, 15 Julai 1966

Dada Hortensia,

Nimesikitika kusikia Mama anaumwa. Mchemshie majani ya boldo, na umzuie kufagia uani.

Huku barafu imeganda kwenye kamba na tunaivunja kwa nyundo kila asubuhi. Wiki iliyopita tuliwabeba wanajeshi wa majini mia moja na ishirini kwa mazoezi. Walishuka kwa mbwembwe, wakapaka nyuso matope, wakaliteka shamba la viazi na kondoo sita. Mwenye shamba akawatolea chicha, pombe ya tufaa, na vita vikaisha.

Ile taipu ni jambo dogo. Shemeji anajiandaa kwa mtihani wa kupanda cheo, na kupiga taipu ni sehemu ya mtihani, basi anafanyia mazoezi barua zako. Meli hachori kwa sababu taipu haichori. Ameniomba nikuambie anawakumbuka.

Mimi nina kazi nyingi. Breki ya nyuma wamempa mtu mwingine, mimi sasa niko kwenye milango ya mbele. Niliomba mwenyewe. Nilichoka kukaa nyuma.

Erasmo

*

Talcahuano, 9 Agosti 1966

Erasmo,

Mama amepona na amerudi kufagia uani. Edelmira hajambo. Sina salamu zaidi.

Jana Bi Leontina alinishika mkono nje ya kanisa. Alikuwa na uso wa mtu anayekuja kutoa pole huku amefurahi kidogo. Anasema Rigoberto amemwandikia hivi: "Nibaldo ndiye mwenye bahati, yeye analala nchi kavu Huelmay kwa mjane na anakula milcao za moto, mikate ile ya viazi, sisi tunakula maharage." Nikamwambia, "Bi Leontina, mume wangu yuko melini anasomea mtihani." Akaniuliza, "Mtihani gani, mama?"

Mtihani gani, Erasmo?

Sikulia mbele yake. Nililia jikoni, mbele ya sufuria, na Mama akadhani ni kitunguu.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ndogo iliyofungwa. Ni ya Nibaldo. Hiyo ni ya saba ninayomwandikia tangu Aprili, na katika sita za kwanza hajajibu hata swali moja nililomuuliza. Nauliza meno ya mtoto, ananijibu hali ya hewa. Katika hii ya saba sikuuliza kitu. Nimemwambia asirudi. Nguo zake nimezitia katika sanduku, na sanduku liko mlangoni. Akifika Desemba atalichukua bila kuvuka kizingiti, na Edelmira nitamweleza mwenyewe.

Mkabidhi mkononi. Wewe ni tarishi, fanya kazi yako.

Hortensia

*

Valparaíso, 22 Septemba 1966

Dada,

Shikamoo kwa Mama. Nawatakia heri ya sikukuu ya taifa ingawa imepita.

Siku ya tarehe 18 tulikuwa hapa. Walituambia tufungue milango ya mbele, na watu wa mji wakaingia tumboni mwa meli kwa maelfu, na watoto na vibendera na sambusa za empanada mikononi. Bendi ikapiga cueca, dansi yetu ya leso, juu ya chuma kile, na watu wakacheza palepale walipokuwa wamesimama ng'ombe. Nilitoka nikaenda kukaa kwenye mapipa. Niliwakumbuka shemeji na wewe mkicheza mwaka juzi, yeye na ile leso yake anavyoizungusha juu ya kichwa.

Barua yako nimeipata. Ninachokuomba ni subira mpaka Desemba. Kuna mambo hayaandikiki. Leontina ana mdomo mpana na Rigoberto anamlisha.

Na wewe pia, dada, usinichukulie mimi mtoto. Toka Januari nasoma habari za Mzee Froilán na ngazi yake. Bati moja linachukua miezi minane? Mjane hawezi kumpa mtu milcao, lakini mzee anaweza kunywa chai kwako kila wiki? Sisemi kitu, nauliza tu.

Erasmo

*

Talcahuano, 4 Oktoba 1966

Erasmo,

Mzee Froilán ana miaka sabini na mbili na anamtaka Mama. Mama anajua, mtaa mzima unajua, na paa halitatengenezwa kamwe kwa sababu likipona atakosa kisingizio. Hivyo ndivyo ulivyotaka kunifumba macho? Ulikuwa na maji shingoni ukaokota tope unirushie.

Sasa nisome polepole.

Nilikwenda ofisi ya bandari hapa Talcahuano. Nikawaambia nataka kumuuliza kamanda wa Cabo Oyarzún mume wangu analala wapi. Yule karani alitaka niandike barua, nikasema barua sitaki, barua za meli ile zinapita mahali nisipopaamini. Nikakaa kwenye benchi mpaka akachoka kuniona akapeleka simu ya maandishi. Siku ya tatu jibu likaja. Nalinakili lote:

"KAMA NILIVYOKUARIFU KWA BARUA YA APRILI SABA MUMEO ANAENDELEA KUPONA STOP YUKO HUELMAY KWA RUHUSA STOP"

Anaendelea kupona. Kupona nini?

Barua ya Aprili saba sikuipata. Nimemuuliza Mama, nimemuuliza mtu wa posta, nimetoa droo zote. Kamanda aliandika, akatia bahasha, akampa tarishi wa meli. Mwaka mzima nimekuwa nikimtafuta mwongo kwenye nyumba ya mjane, kumbe mwongo nilikuwa namwandikia "mdogo wangu".

Una mwezi mmoja. Usipojibu nakwenda Huelmay kwa miguu yangu, nikitoka huko nakuja melini, na hapo ndipo wenzako watajua jina nililokuwa nakuita ulipokuwa unakojoa kitandani.

Hortensia

*

Puerto Montt, 19 Oktoba 1966

Dada Hortensia,

Sijui niwasalimu vipi, basi nawasalimu tu. Samahani kwa habari ya Mzee Froilán. Mpe Mama hongera, au pole, lolote analotaka.

Shemeji amepoteza vidole vinne vya mkono wa kulia. Kimebaki gumba. Ilikuwa tarehe 5 Aprili, tukiingia Huelmay. Ilikuwa bamvua, maji yamejaa sana, na kamanda alitaka tupande juu kabisa ya mchanga. Waya ulikuwa umejipinda kwenye ngoma, shemeji akaingiza mkono kuunyoosha. Simu ikasema "achia". Mimi nikaachia.

Sikuutazama mkono. Ningeinua macho ningeona kwamba haujainuka, maana ulikuwa ndani ya waya. Miaka minne nimefanya kazi ile na sijawahi kufungua breki bila kuutazama, na siku ile sikuutazama. Yeye hakupiga kelele. Alisema, "Erasmo, funga," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuambia ufunge mlango kuna upepo. Nikafunga.

Walimpeleka hospitali, akakaa wiki tatu. Alipopewa ruhusa walitaka kumrudisha nyumbani kwa treni, akakataa. Aliniambia, "Nikiwasili kwa treni peke yangu Tencha atapokea kilema. Nikiwasili na meli atapokea baharia aliyeumia kazini. Mpe habari taratibu, mimi nijifunze kwanza kuandika kwa kushoto." Kamanda akamruhusu akae Huelmay kwa Bi Clodomira, ambaye hupangisha chumba, na sisi tunampitia kila mwezi. Wenzetu aliwaomba wasiiandike nyumbani habari ya mkono wake. Barua ya kwanza ya taipu alinitajia yeye maneno. Zilizofuata nilizitunga mwenyewe, naye hajui.

Barua ya kamanda kwako nilipewa mimi niitie mfukoni. Kamanda aliniambia imesema nani alikuwa kwenye breki. Niliishika mkononi bandari nzima ya Castro, nikafika mlango wa posta, nikarudi nayo. Nilisema nitaituma safari ijayo. Safari ijayo nikasema hivyohivyo.

Halafu zikaanza kuja zako kwa shemeji. Niliogopa akizijibu kwa mkono wa kushoto utauliza, na akikuambia utajua ni mimi. Nikaziweka. Ziko saba, zote zimefungwa, sikufungua hata moja. Huelmay hakuna posta ila mfuko wangu, kwa hiyo tangu Aprili hajapata neno lako. Kila tukipanda ufukoni anakuja mpaka kwenye milango ya mbele na kuniuliza, "Kuna kitu changu?" Nami namwambia hakuna. Mwezi wa Agosti aliacha kuuliza.

Jana nilimweleza kamanda yote. Mfuko nimenyang'anywa, na adhabu yangu itatajwa tukifika nyumbani. Barua saba ameniachia nizikabidhi mwenyewe. Novemba hatutapita; tutapanda Huelmay tena tarehe 10 Desemba, safari ya mwisho ya mwaka. Nitampa shemeji zote siku hiyo. Sitaki kushika tena karatasi ya mtu.

Erasmo

*

Huelmay, 27 Novemba 1966

Erasmo,

Mama na Edelmira nimewaacha salama. Mzee Froilán amehamishia ngazi yake kwetu kabisa. Barua hii inakwenda na mwalimu wa hapa anayevuka kwenda Castro. Msamehe akiibana sana, nimemwapisha.

Nilipanda treni na sanduku lile la nguo zake. Sikujua nalileta ili nimtupie au ili avae. Nilipoteremka kwenye boti nilikuwa bado sijui.

Nikaulizia kwa Clodomira. Leontina hakudanganya, ni kijana na ni mzuri, ana nywele mpaka kiunoni. Nilimtazama siku tatu jinsi nilivyokuagiza wewe utazame. Ana mchumba Quellón, ana paka watano, na ana kapu la soksi za kijivu linalotosha jeshi. Nikamuuliza Nibaldo mbele yake: kwa nini ulificha? Akaona haya. Akasema, "Tencha, zile za mama yako zinanitoa malengelenge. Nilinunua hizi nikaogopa ataziona." Miaka tisa mume wangu amevaa kisigino kwenye kidole gumba kwa adabu, na mimi nikamfungulia kesi kwa jozi moja ya raha.

Nilimkuta nje anamenya viazi kwa mkono wa kushoto, kiazi amekibana kwa gumba la kulia na kiganja kilichobaki. Aliponiona alificha mkono nyuma. Nilimwambia, "Toa." Akasema, "Si umeshaukataa?" Ndipo nikaelewa ulichotufanyia. Miezi saba mtu huyu aliamini kwamba habari imenifikia, kwamba ninajua, na kwamba nimenyamaza kwa sababu nimechukizwa. Kila mwezi anakwenda ufukoni, anasimama mbele ya ile milango, anarudi mikono mitupu. Nilikuchukia hapo, Erasmo, na nakuandikia ili ujue nilikuchukia kwelikweli. Nilikuchukia mpaka jioni.

Jioni alinieleza siku ile jinsi ilivyokuwa. Hana kinyongo nawe. Lakini alisema jambo moja ambalo wewe hukuliandika. Alisema, "Kabla ya kuingiza mkono nilimtazama Erasmo. Alikuwa ameinamia karatasi. Nikajua ataniangalia, maana huangalia siku zote." Hajui ilikuwa karatasi gani. Aliniuliza mimi kama najua.

Barua yangu ya Machi uliipokea tarehe 5 Aprili, mkikaribia Huelmay. Uliniandikia mwenyewe, mwezi Mei, halafu hukuligusa tena. Nilikuagiza usimwondolee macho hata dakika moja, na maneno hayo ndiyo uliyokuwa unayasoma.

Kwa hiyo nilimjibu Nibaldo kwamba sijui. Unaona jinsi ilivyo rahisi.

Sitakuambia yamekwisha, hayajakwisha. Breki uliifungua wewe. Lakini nimebeba sehemu yangu, na nataka ujue kwamba hiyo ndiyo uliyokuwa unanificha, na kwamba nimekuelewa. Ukifika Krismasi, njoo kilimani kwa miguu, usipunge mkono kutoka melini. Mama amekufumia soksi.

Sisi tutarudi na meli. Ndivyo anavyotaka, ashuke Talcahuano kwenye milango ya mbele, amevaa sare, mimi nimemshika upande wa kulia. Amejifunza leso kwa mkono wa kushoto. Anaizungusha vibaya, Clodomira anacheka, mimi nacheka, na tarehe 18 Septemba ijayo tutacheza hivyohivyo watu watake wasitake.

Tarehe 10 ukipanda ufukoni atakuja mlangoni. Mpe barua zake. Mpe sita.

Ile ya saba, ya tarehe 9 Agosti, usimpe. Tangu Januari nimekusumbua usinifiche kitu, nawe umeficha kila ulichopaswa kutoa. Hii moja nakuomba uifiche. Itie kwenye jiko la Rigoberto na usimame hapo mpaka iishe yote. Akiuliza kama zimekwisha, mwambie zimekwisha.

Chini hapa kuna meli. Amenichorea sasa hivi kwa mkono wa kushoto ili umwonyeshe kamanda kwamba anaweza. Inafanana na kiatu. Moshi umepanda wima.

Dada yako,
Hortensia